Mtoto Akilazwa, Nani Atalala Naye?

Mdogo wangu, sogea tuzungumze. Mtoto akizidiwa hapa Isinya, akapewa rufaa ya Kajiado au Nairobi, nyumbani swali la kwanza huwa pesa. La pili na liwe hili: nani atalala naye wadini?

Utaambiwa wauguzi wapo. Ni kweli, na wanajituma, lakini usiku muuguzi mmoja ana vitanda vingi, nawe una mtoto mmoja. Tena mtoto wa miaka miwili haelewi kwamba mama atarudi kesho. Mwaka 1952, Uingereza, mtafiti James Robertson alitoa filamu ya msichana wa umri huo aliyelazwa siku 8 bila mama kulala naye, ikionyesha huzuni yake. Mwaka 1959 kamati ya serikali ya huko, Kamati ya Platt, ikapendekeza wazazi waruhusiwe kukaa na watoto wao hospitalini. Kwetu mama kulala na mtoto wadini ni desturi. Tuishikilie.

Ukiwa pale, una kazi. Nawa mikono, mnyonyeshe isipokuwa daktari amekukataza, uliza dawa ni ya nini na itarudiwa saa ngapi. Akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya, akipata degedege au akilala usiweze kumwamsha, usingoje daktari apite asubuhi. Ita muuguzi papo hapo. Kama alikunywa dawa ya mitishamba nyumbani, sema, hakuna aibu.

Ukienda kuoga, muage, na urudi ulivyoahidi. Kumtoroka akiwa amesinzia kunaweza kumfanya aogope kufumba macho tena.

Nawe baba, hili si la mama peke yake. Wadi nyingine haziruhusu wanaume kulala, basi shika zamu ya mchana mama apate kula na kulala. Fuatilia mambo ya bima ya afya ya SHA, uhakikishe mtoto ameandikishwa. Mnaofanya kazi kwenye mashamba ya maua, mjulisheni msimamizi mapema na muombe barua hospitalini.

Weka tayari leso mbili, shuka nzito, thamosi, kitambulisho na kijitabu cha kliniki. Kisha kaeni leo, mtoto akiwa mzima, mkubaliane: nani atalala hospitalini, nani atabaki na watoto wengine, nani atachunga mifugo. Ugonjwa ukibisha hodi, kila mtu awe anajua zamu yake.