Kuoanisha Namba za Ramani ya Bahari na GPS

Kabla hujaingiza namba za ramani kwenye GPS, hakikisha vyote viwili vinaandika kwa mtindo mmoja. Tuseme nahodha mwenzako amekuandikia sehemu iliyo karibu na bandari ya Zanzibar: 6° 09′ 30″ S. Maana yake ni digrii 6, dakika 9 na sekunde 30 kusini mwa ikweta. Dakika hizi si za saa. Digrii moja hugawanywa dakika 60, na kila dakika sekunde 60.

Ramani nyingi za bahari hazina sekunde. Pembeni mwake dakika imegawanywa mafungu kumi. Basi gawa sekunde kwa 60: 30 ÷ 60 ni 0.5, unapata 6° 09.5′. Simu nyingi hutaka digrii yenye desimali, kwa hiyo gawa tena dakika kwa 60: 9.5 ÷ 60 ni 0.1583, jibu 6.1583. Ukitaka kurudi kwenye dakika, zidisha desimali kwa 60. Kikokotoo cha simu kinatosha, huna cha kununua.

Kosa linaloniogopesha kuliko yote ni kusoma 09.50′ kama dakika 9 na sekunde 50. Tofauti ni sekunde 20 tu, lakini baharini ni mita 617 kaskazini-kusini, kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni maili ya bahari, mita 1,852. Penye miamba, umbali huo unavunja chombo.

Pwani yote ya Tanzania na Kenya iko kusini mwa ikweta, hivyo kwenye simu weka alama ya kutoa: -6.1583. Ukiisahau, bandari ya Zanzibar itaonekana nchi kavu, Ethiopia.

Kwenye mipangilio ya GPS, tafuta mtindo wa kuonyesha mahali, chagua hddd°mm.mmm′. Hapo hapo angalia msingi wa vipimo, yaani umbo la dunia ambalo namba zinahesabiwa juu yake. GPS hutumia WGS 84. Ramani iliyochorwa kwa msingi wa zamani wa Arc 1960 hupishana nayo kwa takriban mita 300 huku kwetu, hata ukikokotoa sawasawa. Soma maelezo yaliyochapishwa karibu na jina la ramani. Mara nyingi husema namba za setilaiti zisogezwe kiasi gani na upande upi.

Halafu, kabla ya kung'oa nanga, simama na GPS kwenye gati linaloonekana ramanini, ulinganishe namba. Zikipishana, usisafiri kwa kuzitegemea mpaka ujue sababu.