SOMO: MBWA WA GHALA NA CHAKULA CHA SIKUKUU

Vyama vingi vya msingi hufuga mbwa mmoja au wawili wa kulinda ghala, na kazi yao huwa kubwa zaidi katika majuma ya mwisho wa mwaka. Mazao ya wanachama yamo ghalani, ofisi imefungwa, karani amekwenda kwao, na mlinzi yuko peke yake. Wakati huo huo ndipo mbwa anapoletewa chakula asichokizoea. Kila nyumba ya jirani humtupia kitu, kwa wema kabisa, na asubuhi ya pili mlinzi humkuta mnyama amelala akitapika. Hapo hudhaniwa kwamba wezi wamemtilia sumu. Huenda ikawa hivyo. Lakini yafaa kwanza iulizwe jana alikula nini.

Kitu cha kwanza cha kutazamwa ni mifupa. Imezoeleka kuaminiwa kwamba mfupa ni haki ya mbwa, wala hakuna sahani ya sikukuu isiyobakiza mifupa. Mfupa uliokwisha kupikwa, hasa wa kuku, hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha kali. Vipande hivyo huweza kukwama kooni, kutoboa utumbo au kuuziba. Mbwa aliyetobolewa utumbo hufa kwa maumivu makubwa asipopasuliwa upesi, na huduma ya namna hiyo ni adimu vijijini.

Hatari ya pili haifahamiki sana, nayo ni kitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembechembe nyekundu za damu ya mbwa. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Mchuzi na masalio ya pilau yana madhara yale yale. Imeonekana kwamba gramu 15 hadi 30 za kitunguu kibichi kwa kila kilo moja ya uzito wa mbwa zaweza kumdhuru. Kwa hiyo mbwa wa kilo 20 hudhurika kwa gramu 300, yaani vitunguu vitatu vya kadiri. Hawezi kupewa vyote kwa mara moja, watu watasema. Lakini sikukuu hula siku kadhaa, na mchuzi wa nyumba nne ni mwingi. Tena dalili hukawia siku tatu au zaidi: fizi hupauka, mkojo huwa mwekundu au wa kahawia, na mnyama huchoka bila sababu ionekanayo. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka mchuzi.

Zabibu kavu, zitiwazo katika pilau na keki, huweza kuua figo za mbwa, na kiasi kidogo hutosha kwa baadhi yao. Chokoleti na kahawa huusukuma moyo wake kupita kiasi. Vyama vya kahawa viangalie buni iliyokaangwa. Machicha ya pombe humlevya, na unga wa maandazi uliotiwa hamira huendelea kuumuka tumboni mwake. Peremende zisizo na sukari huweza kuwa na utamu uitwao zailitoli, ambao hushusha sukari ya damu yake ghafla. Mafuta mengi ya nyama nayo huamsha ugonjwa wa kongosho.

Liko jambo jingine linalowahusu wanachama wenyewe kuliko mbwa. Mbuzi na ng'ombe wachinjwapo nyumbani, mapafu na maini yenye vifuko vya maji hutupwa kwa mbwa kwa kuwa hayaliki. Ndani ya vifuko hivyo mna mbegu za tegu mdogo, mwenye urefu wa milimita chache tu. Mbwa hamsikii tegu huyo wala haugui. Hutoa mayai yake katika kinyesi. Mtoto achezaye na mbwa huyo huyameza, na miaka baadaye uvimbe wa maji huota katika ini au pafu lake. Wilaya ya Turkana nchini Kenya ilisumbuliwa mno na ugonjwa huu, hata mwaka 1983 ukaanzishwa mpango maalumu wa kuudhibiti. Sehemu hizo za mnyama zichomwe, au zifukiwe shimo refu mbwa asilolifukua. Vilevile mbwa wa chama apewe dawa ya minyoo aina ya prazikwanteli kila miezi mitatu.

Mbwa akishakula kitu kibaya, asinyweshwe maziwa wala mafuta, hayaondoi sumu. Maji ya chumvi ya kumtapisha yenyewe ni sumu. Mtaalamu wa mifugo aitwe mara moja, aelezwe ni kitu gani kimeliwa, kiasi gani na saa ngapi, bila kungoja dalili.

Yampasa katibu, kabla ya kufunga ofisi, amkabidhi mlinzi unga na dagaa wa kutosha siku zote za mapumziko, na kuandika katika daftari la zamu ni nani pekee anayemlisha mbwa. Mbwa aliyeshiba ugali wake hafukui jalala. Majirani waarifiwe mapema, kwa heshima, kwamba wakitaka kumkirimu waache nyama tupu isiyo na mfupa wala viungo kwa mlinzi. Jina la mtaalamu wa mifugo na namba yake ya simu vibandikwe mlangoni mwa ghala, upande wa ndani, ambapo mlinzi wa usiku aweza kuvisoma kwa taa.