KASUKU NYUMBANI NA HAKI YA JIRANI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), haya ni mafundisho mafupi katika mas-ala ambayo watu wengi huyadharau, nayo ni ya mtu wa pwani aliyehamia bara, khasa Iringa au Mbeya, kwa biashara au kwa kazi, kisha moyo wake ukapenda kuweka kasuku nyumbani amliwaze.

Katika nyumba ya pwani yenye kuta nene za mawe na chokaa, na ua wake, na upepo wa bahari unaovuma, sauti ya ndege mmoja haikuwa jambo kubwa. Walakini mtu huyo afikapo Mwanjelwa au Soweto katika mji wa Mbeya, au Kihesa na Makorongoni katika mji wa Iringa, aghlabu hupanga chumba kimoja au viwili katika nyumba yenye wapangaji wengi. Ukuta ni wa tofali moja, na mara nyingi hauendi juu mpaka kwenye bati, hata mtu akikohoa chumba cha kwanza husikiwa chumba cha nne. Hapo ndipo kasuku anapokuwa mas-ala ya haki ya watu, wala si mapenzi ya mtu mmoja tu.

Kwanza ijulikane ya kuwa kuweka ndege si haramu. Katika Bukhari na Muslim imepokewa khabari ya Abu Umair, mtoto mdogo, nduguye Anas bin Malik kwa mama, aliyekuwa na kidege akicheza nacho. Kilipokufa, Mtume (S.A.W.) alimtania kwa upole akimwuliza khabari zake, wala hakumkataza kukiweka. Na katika wanazuoni wa Kishafii, Al-Qaffal aliulizwa juu ya ndege wanaofungwa katika vitundu ili zisikizwe sauti zao, akajibu kuwa yafaa, kwa sharti mwenyewe awatimizie wanayoyahitaji, kwani hali yao ni kama ya mnyama afungwaye kamba. Kuuza kasuku pia kwasihi, kwa kuwa sauti yake ni manufaa yanayokusudiwa. Nyama yake tu ndiyo isiyoliwa, kama alivyoeleza Imamu Nawawi katika Minhaj.

Lakini ruhusa hiyo ina mipaka miwili. Mmoja ni haki ya ndege mwenyewe, na khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfunga asimlishe wala asimwache ajitafutie ni mashuhuri. Mpaka wa pili ni haki ya jirani. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, na katika hadithi sahihi Jibrili alimwusia Mtume jirani, tena na tena, hata Mtume akadhani kuwa atampa urithi. Imepokewa vile vile ya kuwa aliambiwa khabari ya mwanamke aliyekuwa akisali sana na kufunga na kutoa sadaka, illa ulimi wake uliwaudhi majirani, naye akasema kuwa huyo ni wa motoni. Basi mtu aupime ulimi wa kasuku wake, kwani ndege hana hesabu, na mwenyewe ndiye aliyemleta nyumbani.

Asidhani mtu kuwa haki hii ni ya Waislamu peke yao. Iringa na Mbeya majirani wengi ni Wakristo, wa Kilutheri na Kimoraviani na Kikatoliki, na mtu wa pwani ni mgeni kwao. Abdallah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, swali lake la kwanza lilikuwa kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa. Ikiwa nyama humfikia jirani asiye wa dini, na usingizi wake pia uhifadhiwe.

Sasa twaja kwenye ndege wenyewe, maana wengi hununua kwa macho, na adha huingia kwa masikio. Kasuku ni ndege wa kundi. Mwituni hupiga kelele alfajiri wanapoondoka na magharibi wanaporudi kulala, na katikati ya mchana humwita mwenzao asiyeonekana mpaka ajibu. Tabia hiyo haimtoki akiwa kitunduni. Bwana wake akitoka asubuhi kwenda dukani, kwa ndege ni kama kundi zima limepotea, naye huita, na asipojibiwa huita kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mtu anayeshinda nje mchana kutwa, kama dereva wa njia ya Tunduma au karani, ndiye asiyefaa kabisa kuweka kasuku mmoja peke yake, hata kama yeye mwenyewe hamsikii. Wanaomsikia ni mama mwenye mtoto mchanga chumba cha pili, na mwuguzi aliyekesha kazini usiku, na mgonjwa.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye asili yake ni misitu ya Kongo na nchi za magharibi yake, ndiye anayetamaniwa kuliko wote kwa kusema. Sauti yake ya kawaida si kali kama ya kasuku wakubwa wa Amerika ya Kusini au wale weupe wenye kishungi watokao visiwa vya Maluku, ambao hawafai kabisa katika nyumba ya ukuta mmoja. Lakini ana mbinja kali, na huiga kila alisikialo: mlio wa simu, honi ya lori, kikohozi cha mzee, kilio cha mtoto. Tena huishi miaka 40, na wengine hufika 60, basi anayemnunua akiwa mtu mzima awaze ni nani atakayemrithi.

Cherero, wale kasuku wadogo wa kijani, ni wa nchi yenyewe. Mwenye shingo ya manjano na uso mweusi hapatikani kwa asili yake illa Tanganyika, naye huonekana katika nyika za Iringa upande wa Ruaha. Udogo wake umewadanganya wengi. Hasemi maneno, na sauti yake ni nyembamba na kali kama msumari juu ya bati, na wawili wakianza asubuhi hawanyamazi upesi. Kwaru wa pwani, wa kijani mwenye kichwa cha kahawia, watu wa mrima wamjua: hupiga ukelele mkali arukapo juu ya minazi.

Anayebaki ni kasuku mdogo wa Australia, ambaye uzito wake ni gramu 30 au 40 tu, anayezaliwa vitunduni vizazi kwa vizazi. Huyu hulialia mchana kutwa, lakini sauti yake ni ya chini, haipenyi ukuta kwa ukali. Wawili wakiwekwa pamoja huongea wao kwa wao wala hawamliliiI bwana wao. Kwa mpangaji wa chumba kimoja au viwili, huyu ndiye anayeelekea kufaa, na wengine wote waachwe mpaka mtu apate nyumba yenye ua wake.

Kuna jambo la sheria ya nchi nalo halina budi kutajwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kunasa na kumiliki ndege wa mwituni pasipo kibali. Na mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimweka kasuku wa kijivu katika daraja la juu la hifadhi, na tangu Januari 2017 biashara ya kuvusha mipaka kasuku aliyenaswa mwituni imekatazwa. Cherero nao walinaswa kwa wingi mno katika miaka ya 1980. Basi ndege aletwaye usiku katika kikapu, bila karatasi, kwa bei ya kutupa, asinunuliwe. Mtume (S.A.W.) aliagiza makinda yarudishwe kwa mama yao alipomwona ndege akihangaika juu ya masahaba waliomchukulia wanawe, na mnasaji wa cherero hachagui mwenye makinda na asiye nayo.

Katika kununua, fikihi imempa mnunuzi silaha ambayo wengi hawaitumii, nayo ni khiyari ya sharti, isiyozidi siku tatu katika madhehebu ya Imamu Shafii. Na washartiane wazi wazi wakati wa kuuziana: ndege akae kwa mnunuzi siku tatu, na asiporidhika amrudishe. Siku tatu ni alfajiri tatu na magharibi tatu, na hizo zatosha kujua sauti. Dukani mchana ndege hunyamaza kwa sababu watu wanapita mbele yake, na hapo hapana ajuaye kitu. Na mwuzaji akijua kuwa ndege wake ni mpiga kelele, amekwisha kurudishwa na watu wawili, naye akanyamaza, hiyo ni ghashi, hali yake ni ya yule aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya kavu.

Kabla ya siku tatu hizo, majirani waulizwe. Bibi Aisha (R.A.) alipotaka kujua ni yupi katika majirani wawili wa kuanza kupewa zawadi, Mtume alimwambia ni yule ambaye mlango wake u karibu zaidi. Kwa kiasi hicho, wa kuulizwa kwanza ni yule wa ukuta mmoja. Na asiulizwe kwa njia ya kutangaziwa, kwamba ndege amekwisha kuja, kwani mtu mwenye haya hujibu kuwa hana neno, na usiku hugeuka kitandani. Aulizwe ndege akingali dukani. Na siku ya tatu aulizwe tena.

Mahali pa kitundu pana khabari yake. Kisitundikwe kwenye ukuta wa jirani, bali kwenye ukuta wa nje au wa ndani ya nyumba ya mwenyewe. Usiku kifunikwe kwa nguo nyepesi ipitayo hewa, muda wa saa 10 hata 12, maana giza humlaza ndege, na kelele ya alfajiri huchelewa. Lakini kumfunika mchana ili anyamaze, au kumnyima maji, au kumpiga kitundu kwa fimbo, ni dhulma, tena haisaidii, kwani ndege aliyetishwa huzidi kulia. Kisiwekwe pia mahali pa kusalia: vinyesi vya ndege wote ni najisi katika madhehebu yetu ya Kishafii, na maganda ya mbegu hurusha kila kitu mpaka juu ya msala. Bali mwili wa ndege aliye hai ni tohara.

Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na Iringa ni zaidi ya 1,500, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya digrii 10. Watu hufunga madirisha na kuingiza jiko la makaa chumbani. Moshi huo usioonekana umewaua watu, na ndege hutangulia, kwa wepesi wa pumzi yake. Basi ndege aepushwe na upepo wa mlango, na jiko libaki nje, kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto. Na parachichi, ambalo Rungwe na Njombe ni tele, ni sumu kwa kasuku, asipewe hata kipande.

Limebaki jambo la ulimi. Kasuku husema alichosikia kupitia ukuta, naye hajui siri. Tuseme jirani amegombana na mkewe usiku, na asubuhi ndege, mbele ya wateja wa maziwa, atamka jina la mke kwa sauti ya mume na tusi lililofuata. Hapo aibu ya nyumba imetoka nje bila ya mtu kusengenya. Mwenyewe asicheke, wala asimrudishie ndege neno lile, kwani kasuku hushika linaloshangiliwa. Amwondoe upande ule na amfundishe mengine. Na wanaofurahia kumfunza aya za Kurani wajue kuwa mafakihi walikwisha kusema kuwa kisomo cha ndege aliyefunzwa hakina sijida ya kisomo, kwa kuwa hana kusudio. Kukifanya maonyesho kwa wageni, katika kitundu chenye vinyesi, si adabu.

Na jirani akija kulalamika baada ya yote, asijibiwe kwa hadithi ya Abu Umair. Kitundu kihamishwe siku ile ile, na apewe siku chache aone. Ikiwa hapana nafuu, ndege apewe mtu mwenye nyumba peke yake, pamoja na kitundu chake na chakula chake. Asifunguliwe mlango aruke zake. Ndege aliyezaliwa kitunduni hajui kujilisha, na usiku mmoja wa Julai katika Mbeya humtosha. Na wale wanaosalimika huleta khabari nyingine, kama cherero wa namna mbili waliowatoroka wenyewe huko Naivasha katika nchi ya Kenya, wakachanganyika na kuzaana.