Hakupigwa, Lakini Anaumwa: Vita vya Nyumbani na Afya ya Mtoto

WAZAZI wanaogombana hadi kufikia kupigana huniambia jambo moja karibu kila mara: "Lakini daktari, watoto walikuwa wamelala." Wengine husema watoto walikuwa nje wakicheza, au kwamba bado ni wadogo mno kuelewa mambo ya watu wazima. Husema hivyo kwa sababu hakuna mzazi apendaye kufikiri kwamba amemwumiza mwanawe bila hata kumgusa.

Msomaji, mara nyingi watoto hao hawakuwa wamelala. Katika nyumba nyingi za mjini familia nzima huishi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mtoto aliye nyuma ya pazia husikia kila kitu: sauti inayopanda, kofi, sahani inayovunjika, na mama anayelia kwa sauti ya chini ili majirani wasijue. Hata katika nyumba kubwa zenye vyumba vinne, kuta hazizuii kelele za namna hiyo. Na kulipokucha mtoto huona jicho lililovimba, kiti kilichovunjika, na wazazi wanaokunywa chai bila kusemezana.

Mtoto wa nyumba kama hiyo ni mgonjwa hata kama hajaguswa na mkono wa mtu, na ugonjwa wake huonekana mwilini kabla hajaweza kuueleza kwa maneno. Wiki hii tutaangalia jinsi ugonjwa huo unavyotokea, dalili zake katika kila umri, na jinsi mtoto anavyoweza kusaidiwa apone.

Tatizo hili si la watu wachache. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022, asilimia 34 ya wanawake wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Wengi wa wanawake hao wana watoto. Wako pia wanaume wanaopigwa na wake zao, nao huona haya kusema. Kwa mtoto, hofu ni ile ile bila kujali ni nani anayempiga mwenziwe.

Kengele isiyozimwa

Mungu ameuweka ndani ya mwili wa kila mtu mtambo wa kumlinda na hatari. Ukikutana na mbwa mkali njiani, ubongo hupiga kengele. Homoni iitwayo adrenalini hutoka, moyo hupiga mbio, pumzi huongezeka, misuli hukaza na tumbo husimamisha kazi yake ili nguvu zote ziende kwenye miguu. Homoni nyingine, kotisoli, hufuata ili kuudumisha mwili katika hali hiyo ya tahadhari. Mbwa akiondoka, kengele huzimwa na mwili hutulia.

Sasa fikiria mtoto ambaye hatari yenyewe inaishi naye nyumba moja. Kila jioni husikiliza jinsi ufunguo unavyozungushwa mlangoni ili ajue kama baba amekuja na amani au na ghadhabu. Kengele yake haizimwi. Huenda kulala ikilia, na huamka ikilia. Baada ya miezi kadhaa, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu huwa nyepesi kushtuka, huku zile sehemu zinazohitajika kwa kukumbuka, kufikiri na kujizuia zikifanya kazi kwa shida. Usingizi hupungua. Chakula hakikai vyema tumboni. Mtoto mwenye pumu hushikwa mara nyingi zaidi.

Hali hii huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watoto wachanga wa miezi 6 hadi 12. Walipiga picha za ubongo wa watoto hao wakiwa wamelala fofofo, huku wakiwasikilizisha sauti mbalimbali. Kwa watoto waliotoka katika nyumba zenye ugomvi mwingi, ubongo uliitikia sauti ya hasira kwa nguvu zaidi kuliko wa wenzao. Kwa hivyo hata mtoto aliyelala kweli, masikio yake hayakulala.

Hata hivyo, si kila mabishano ni sumu. Wazazi wote hukosana. Wakibishana bila matusi, vitisho wala mikono, kisha mtoto akawaona wakipatana, hujifunza jambo la maana: kwamba watu wanaopendana wanaweza kutofautiana na wasiumizane. Kinachodhuru ni hofu inayorudi tena na tena bila kujulikana itaisha lini.

Dalili katika kila umri

Mtoto aliye tumboni: Mama mjamzito anayepigwa anaweza kuharibikiwa na mimba, kujifungua kabla ya wakati, au kuzaa mtoto mwenye uzani mdogo. Hii ndiyo sababu muuguzi wa kliniki ya wajawazito anaweza kukuuliza mambo ya nyumbani. Usimwone mbeya. Mjibu.

Kuzaliwa hadi miaka 2: Mtoto hulia sana na habembelezeki, hushtuka kwa sauti ndogo, hulala vipande vipande, hakui vizuri katika kadi yake ya kliniki, au hung'ang'ania mama hata asiweze kuachwa dakika moja.

Miaka 3 hadi 5: Hurudi nyuma. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa akizungumza vizuri huwa na kigugumizi au hunyamaza. Huota ndoto za kutisha. Huigiza vita alivyoviona kwa kumpiga mdoli au mdogo wake. Na kwa kuwa katika umri huu mtoto huamini kwamba yeye ndiye chanzo cha kila kitu, hujilaumu: "Walipigana kwa sababu nilimwaga maziwa."

Miaka 6 hadi 12: Huumwa na tumbo na kichwa. Alama zake shuleni huporomoka kwa kuwa amekaa darasani huku mawazo yako nyumbani. Wengine huwa wakorofi na kupigana na wenzao. Wengine huwa wema kupita kiasi, watiifu kama watu wazima, na kwa sababu hawasumbui mtu, hakuna anayegundua kwamba wanaumia.

Vijana wa miaka 13 hadi 19: Hukwepa nyumbani na kulala kwa marafiki. Baadhi huanza pombe, bangi, au uhusiano wa mapema na mtu yeyote anayewaonyesha upole. Mvulana hujitia katikati ili amkinge mama, naye huumizwa au huumiza mtu. Msichana hugeuka mama wa wadogo zake. Wengine hujikatakata au huzungumza juu ya kufa. Kijana akitamka neno hilo, usilichukulie kuwa mzaha wala utundu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mgonjwa anayerudi kila mwezi

Chukua mfano wa msichana wa miaka 10 anayeletwa kliniki akilalamika kwamba tumbo linamkata karibu na kitovu. Ametibiwa minyoo mara mbili. Amepewa dawa za homa ya matumbo mara tatu katika maduka ya dawa mbalimbali. Vipimo vya damu, mkojo na kinyesi havionyeshi kitu. Mama anaanza kusema mtoto anajisingizia ili asiende shule.

Mtoto huyu hajisingizii. Tumbo na ubongo vimeunganishwa kwa neva nyingi, na hofu inaweza kulikaza tumbo hadi liume kikweli. Ukiuliza vizuri utagundua kwamba maumivu huzidi Ijumaa jioni na mwisho wa mwezi, wakati pesa na pombe vinapokutana nyumbani, na kwamba hupotea akienda kukaa kwa nyanya yake.

Lakini usikimbilie kusema ni mawazo tu. Mtoto anahitaji kupimwa na daktari kwanza. Kuna dalili zinazoonyesha kwamba huenda kuna ugonjwa mwingine: kupungua uzani, homa isiyoisha, kutapika mara kwa mara, damu kwenye choo, maumivu yanayomwamsha usiku, au maumivu yaliyo mbali na kitovu. Vivyo hivyo, mtoto anayeanza tena kukojoa kitandani apimwe mkojo na sukari. Vipimo vikiwa safi, usimpige wala kumwaibisha kwa kuanika godoro mbele ya wenzake. Unaongeza hofu juu ya hofu iliyomwanzishia ugonjwa. Wala usimpe dawa za usingizi.

Ukimpeleka kwa daktari, tafadhali mweleze hali ya nyumbani. Asipojua, atatafuta kiini katika maabara, na hakimo humo.

Madhara ya miaka mingi

Kati ya mwaka 1995 na 1997, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda waliwahoji watu wazima zaidi ya 17,000 huko San Diego, Marekani, kuhusu mambo mazito yaliyowapata utotoni. Moja ya maswali lilikuwa kama waliwahi kumwona mama yao akipigwa. Katika matokeo waliyoanza kuchapisha mwaka 1998, waliopatwa na mambo manne au zaidi ya aina hiyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi, mara 4 hadi 12, ya kuwa walevi, kutumia dawa za kulevya, kushikwa na huzuni ya kudumu au kujaribu kujiua. Maradhi ya moyo na ya mapafu pia yalikuwa mengi zaidi kwao.

Msomaji uliyekulia katika nyumba kama hiyo, usisome maneno hayo kama hukumu. Hatari si lazima itimie. Wengi walioona vita utotoni hawawapigi wake au waume zao, na wamelea watoto wao kwa upole. Kinachowasaidia wengi ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja anayetegemeka: mama, shangazi, babu, mwalimu, hata jirani.

Msaada wa kitaalamu pia hufaa, wala hauhitaji mashine za bei ghali. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, watoto 640 wa Bungoma na wa Moshi, Tanzania, waliofiwa na mzazi na kubaki na majonzi mazito walishirikishwa. Nusu yao walikutana katika vikundi na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, wasio madaktari wa akili, wakifundishwa kutuliza miili yao na kuyasimulia yaliyowapata. Huko Bungoma dalili za watoto hao zilipungua kuliko za wenzao. Kidonda cha moyoni hupona kikishughulikiwa.

Mfanye nini?

Kwa mzazi anayepigwa: Mweleze mtoto kwa maneno machache kwamba si kosa lake, na kwamba si kazi yake kuamua ugomvi. Mfundishe asijitie katikati, bali akimbilie kwa jirani mliyemchagua pamoja. Ajue jina lake kamili na mahali mnapoishi. Weka vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, kadi za kliniki na dawa mahali unapoweza kuvichukua upesi. Usimfanye mtoto mjumbe wala mpelelezi kati yenu. Ukiamua kuondoka, panga kwanza na watu unaowaamini na usitangaze, kwa sababu wakati wa kuondoka ndio mara nyingi huwa wa hatari zaidi. Chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi inayomzuia anayekudhulumu kukukaribia, na watoto wanaweza kujumuishwa. FIDA Kenya huwapa wanawake msaada wa kisheria.

Kwa mzazi anayepiga: Huenda unawapenda wanao na unawalipia karo kwa jasho. Lakini mtoto anayetetemeka akisikia hatua zako hawezi kusoma, hata ukimpeleka shule gani. Tafuta mshauri nasaha, na kama kuna pombe, tafuta tiba ya pombe pia. Kisha mwambie mtoto waziwazi kwamba ulikosea. Asikie kutoka kinywani mwako.

Kwa jirani na mwalimu: Usiseme "mambo ya ndani." Mtoto anayesinzia darasani kila Jumatatu aulizwe kwa upole, faraghani, na akisema asiambiwe kwamba anawaaibisha wazazi wake. Mahali salama pa kufanyia kazi za shule na kikombe cha uji ni msaada mkubwa. Hatari ikiwa kubwa, piga ripoti kwa chifu, afisa wa watoto au dawati la jinsia katika kituo cha polisi.

Mtoto akiumizwa mwilini au akinajisiwa, hospitali iwe ya kwanza, bila kusubiri asubuhi wala kikao cha wazee.

Simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia ni 1195. Zote mbili hazilipishwi, usiku na mchana. Ziandike mahali ambapo mtoto anaweza kuzisoma.