Tangi Lililosahauliwa na Maji ya Kisima

Kwa miaka mingi magari yaliyotoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita yalisimama Kigongo, wilayani Misungwi, yakingojea kivuko cha Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa takriban kilomita 3, na safari ikabadilika. Njia ya magari ibadilikapo, vituo vya mafuta navyo huweza kufungwa. Pampu huondolewa, bali tangi lililofukiwa huenda likasahauliwa. Makala haya hayadai kwamba tangi fulani limevuja Kigongo. Yaeleza namna uchunguzi ufanywavyo katika ardhi ya aina hiyo, hasa penye visima vifupi.

Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji. Zikivuja hupenya katikati ya punje za udongo, zikafika kwenye maji ya ardhini, kisha zikaelea na kutandaa. Lakini si zote zinazoelea. Benzini, ambayo ni kemikali mojawapo ya petroli, huyeyuka kwa kiasi na kusafiri pamoja na maji. Kemikali hiyo huleta saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kwa kiwango hicho pua haisikii chochote. Kwa hiyo kusema kwamba maji hayanuki si ushahidi. Huko Thange, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, mafuta yaliyovuja mwaka 2015 kutoka bomba la Mombasa–Nairobi yalichafua mto na maji ya ardhini.

Ardhi nyingi ya Mwanza imetokana na mwamba wa itale. Karibu na majabali hupatikana mchanga ambao Wasukuma huuita luseni, nao hupitisha maji upesi. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, ulio mzito, ambao hupasuka wakati wa kiangazi. Chini zaidi, nyufa za mwamba zaweza kuyapeleka mafuta upande usiotazamiwa.

Kazi huanza kwa ramani za zamani na kwa kuwauliza waliofanya kazi kituoni. Shimo la tangi lisiingiwe wala kukaribiwa na moto: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Wataalamu hutoboa udongo kwa keekee, wakichukua sampuli kila kina. Chupa za maji hujazwa hadi mdomoni, hufungwa na kuwekwa penye baridi, kwani benzini hutoroka hewani. Risasi nayo hupimwa. Petroli yenye risasi ilikwisha kuondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Ikionekana kwa wingi pamoja na mafuta, yaelekea uvujaji ni wa kabla ya hapo.

Swali kubwa ni hili: maji yanaelekea wapi? Visima vitatu vyatosha kuanzia. Tuseme midomo ya visima A, B na C iko mita 1,142.00, 1,141.90 na 1,140.80 juu ya usawa wa bahari, na maji yako kwenye kina cha mita 4.00, 4.50 na 3.20. Mwanafunzi atoe: maji yako mita 1,138.00, 1,137.40 na 1,137.60. Mdomo wa C ndio ulio chini kuliko yote, lakini maji ya chini kabisa yako B. Ikiwa A na B vimeachana mita 60, kimo cha 1,137.60 kipo mita 40 kutoka A. Pointi hiyo iunganishwe na C kwa mstari. Maji hukata mstari huo kwa pembemraba, yakielekea upande wa B.

Tuseme mstari huo wakutana na AB kwa pembemraba. Mteremko ni 0.60 ÷ 60, yaani 0.01. Kama udongo wapitisha mita 1 kwa siku na nafasi zake ni 0.25, maji huenda mita 0.04 kwa siku, karibu mita 15 kwa mwaka. Benzini huchelewa zaidi, maana hunaswa na udongo na kuliwa na bakteria.

Vipimo vya siku moja havitoshi. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 na 2024 lilifikia tena vimo vya juu sana. Ziwa lipandapo, maji ya ardhini ya ufukweni hupanda nayo, yakiyasukuma mafuta juu na kuyapaka kwenye udongo uliokuwa safi. Lishukapo, sehemu ya mafuta hubaki imenaswa. Karibu kabisa na ufuko mwelekeo wenyewe waweza kugeuka, kwa hiyo visima vitatu hivyo hupimwa tena masika na kiangazi.