Kupanga Msitu: Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Thika na Ruiru

Usimamizi endelevu wa misitu una maana gani?

Ni utunzaji unaohakikisha kwamba kinachovunwa hakizidi kinachoota, na kwamba udongo, maji na viumbe wa msituni hawaharibiwi kwa ajili ya mbao za mwaka mmoja.

Misitu iliyo mbali inaihusu vipi miji hii?

Mto Thika na Mto Chania huanzia kwenye safu ya Aberdare, yenye misitu kama Kieni na Kimakia. Mto Thika ni miongoni mwa mito inayolijaza bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 likiwa na uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, na ambalo hutegemewa sana na jiji la Nairobi. Miteremko ikikatwa miti ovyo, mvua hubeba udongo hadi bwawani, nayo mito hufurika masika na kupungua kiangazi.

Mpangaji huanzia wapi?

Huanza kwa upimaji wa miti: katika viwanja vidogo vya sampuli hurekodiwa aina, kimo na kipenyo cha shina, kinachopimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kisha msitu hugawanywa katika kanda, ili kingo za mito na miti ya asili zihifadhiwe, na uvunaji ubaki kwenye mashamba ya miti ya mbao.

Kiasi cha kukata hukokotolewaje?

Shamba la hekta 300, lenye miti inayokomaa kwa miaka 30, linaweza kuvunwa hekta 10 kila mwaka, mradi umri wa miti umesambaa sawasawa na kila sehemu iliyokatwa inapandwa upya. Mpangaji akishikwa na tamaa, akavuna hekta 20 kwa mwaka, shamba lote huwa limekatwa katikati ya mzunguko, kabla miti iliyopandwa upya haijakomaa.

Wananchi wana nafasi gani?

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inataka misitu ya umma iendeshwe kwa mpango wa usimamizi, na inaruhusu vyama vya misitu vya jamii kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Kwa makubaliano na shirika hilo, wanachama wanaweza kurina asali, kukata nyasi na kuokota kuni, au kulima chakula kati ya miche hadi miti inapoanza kutia kivuli.

Mwenye kishamba tu anaweza kujifunza nini?

Hesabu ni ile ile. Anayepanda migrevilea kwenye mipaka ya shamba la kahawa Ruiru aandike mwaka wa kupanda, apogoe kwa zamu, na asiweke mikaratusi kando ya mto, kwa kuwa hunywa maji mengi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI), iliyoko Muguga katika kaunti ya Kiambu, hufanya utafiti kuhusu mbegu na aina za miti. Ni vyema mkulima atafute ushauri wa wataalamu kabla ya kununua miche.