Gari la Turbo Mstarini: Somo la Kuondoka

Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yenyewe yalikuwa yale yale yauzwayo dukani. Mwaka 1997 Colin McRae aliyashinda kwa Subaru Impreza: injini ya lita 2 tu, lakini yenye turbo, na magurudumu yote manne yakivuta. Leo magari ya jamii hiyo yamejaa katika miji yetu, na vijana wengi, hata waliotoka juzi katika shule hii, wanayanunua yakiwa yametumika. Kila mmoja hudhani kwamba kuondoka kwa kasi ni kukanyaga mafuta na kuachia klachi. Sivyo. Tuitazame sababu kwa fizikia ile ile tuliyofundishwa darasani.

Kwanza, turbo. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, nalo huzungusha jingine ambalo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi yaweza kuungua, na nguvu huongezeka. Gurudumu hilo laweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Lakini moshi ukiwa haba, turbo hulala. Injini izungukayo mara 1,500 kwa dakika haipati msaada wowote wa maana. Katika magari mengi ya namna hii turbo huanza kuamka karibu na 3,000. Basi dereva anayeondoka polepole huiona injini yake ikizama kama mtu aliyekanyaga tope.

Pili, magurudumu manne. Wahenga walisema nguvu ya mamba ni maji. Nguvu ya gari ni ardhi. Tuseme gari lina kilo 1,300. Uzito wake ni nyutoni 12,700 hivi. Ikiwa kipimo cha msuguano kati ya tairi na lami ni 0.9, ardhi yaweza kulisukuma gari kwa nyutoni 11,500, maana uzito wote umekaa juu ya magurudumu yanayovuta. Kwa hesabu ya karatasi, gari litafika kilometa 100 kwa saa katika sekunde 3.1. Gari livutalo kwa magurudumu mawili, yaliyobeba nusu ya uzito, lingehitaji sekunde 6.3. Kwa kweli injini nyingi haziwezi kutoa msukumo huo mpaka mwisho, na uzito huhamia nyuma kidogo gari linapoondoka, lakini tofauti mmeiona.

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo wengi huharibu. Katika gari la magurudumu mawili, nguvu ikizidi, tairi huteleza na kupiga kelele, na ile ziada huishia hapo. Katika gari la manne, tairi hushika. Ziada itakwenda wapi? Itarudi ndani: katika klachi, meno ya gia, shafti na difu. Ukiachia klachi kwa ghafula injini ikivuma, huenda ukasikia mlio mmoja tu, na safari imekwisha.

Basi klachi lazima iteleze kidogo. Injini ikizunguka mara 4,500 katika gia ya kwanza, inataka gari liende yapata kilometa 35 kwa saa, nalo gari bado limesimama. Tofauti hiyo huzibwa na klachi kwa muda wa sekunde moja na kitu. Katika muda huo hupata joto la jouli 61,000 hivi, lililo sawa na nguvu ya mwendo ambayo gari limeipata. Joto hilo latosha kuchemsha kikombe cha maji.

Mimi mwenyewe nimelipa ada ya somo hili. Jumapili moja, katika uwanja uliofungwa kwa mashindano, niliondoka mara sita mfululizo bila kupumzisha gari. Mara ya saba ilitoka harufu ya kuungua, injini ikanguruma, na gari halikusogea hata hatua moja. Nilikuwa nimechemsha birika zima juu ya sahani moja ya klachi. Watoto walinisukuma hadi kando, nao wawili walivaa sare ya shule yetu. Fundi alichukua mshahara wangu wa mwezi na nusu.

Njia iliyo njema ni hii. Nyosha magurudumu, tia gia ya kwanza, toa breki ya mkono. Pandisha injini kati ya 4,000 na 4,500, uishike hapo bila kutikisika. Ukipewa ishara, achia klachi upesi mpaka inaposhika, usimamishe mguu hapo kwa sekunde moja, huku ukikanyaga mafuta mpaka chini ili mshale usianguke chini ya 3,500. Gari likiifikia kasi ya injini, ondoa mguu kabisa katika klachi. Kisha endesha taratibu kwa dakika kadhaa, klachi ipoe, kabla hujajaribu tena.

Wala usifanye haya barabarani. Barabara ni ya mama aendaye sokoni na mtoto aendaye shule. Mahali pake ni uwanja uliofungwa, wenye wasimamizi, na ukiwa umefunga mkanda.

Swali kwa wanafunzi: katika changarawe kipimo cha msuguano ni 0.5. Gari letu la magurudumu manne litafika kilometa 100 kwa saa baada ya sekunde ngapi? Na kwa nini klachi itaumia kidogo kuliko katika lami? Fanyeni hesabu kabla hamjanunua gari. Kalamu na karatasi ni rahisi kuliko klachi.